FOMU YA BIMA: TUSICHAGUE MMOJA MMOJA



Bima ya kampuni inapokaribia kufika mwisho wa mwaka wake, karatasi huanza kutembea viwandani huku kwetu Ruiru na Thika. Mfanya kazi hupewa karatasi hiyo siku ya Ijumaa wakati wa kutoka, na huambiwa airudishe Jumatatu asubuhi. Karatasi inamwuliza: Je, wataka Mpango wa kwanza, au Mpango wa pili, au wataka fedha taslimu badala ya bima? Tia alama. Andika jina la mke na la watoto. Tia sahihi. Ukichelewa, utangoja mwaka mwingine.

Basi mtu hurudi Kimbo na karatasi yake mfukoni. Akishuka stejini kumekwisha kuwa giza. Nyumbani kuna kodi, kuna karo, kuna deni la dukani. Anaisoma karatasi kwa mwanga wa simu, haielewi, na hapana wa kumwuliza. Jumatatu anatia alama pale penye fedha, kwa sababu fedha anaijua. Kisha mwezi wa tatu mtoto anashikwa na homa ya mapafu, na ofisi inamwambia: "Lakini wewe mwenyewe ulichagua."

Sisi tunasema kwamba huko si kuchagua. Kuchagua ni kujua vitu viwili na kutwaa kimoja. Mtu asiyeelezwa, aliyepewa siku mbili, na anayeogopa kuuliza asije akaitwa mkorofi, hakuchagua kitu. Amechaguliwa, kisha akatwikwa lawama.

TUNAKATWA KIASI GANI

Kwanza tuseme kweli juu ya makato, maana wako ndugu wanaopiga kelele mahali pasipo na moto.

Mwaka 1966 Bunge la Kenya liliweka Hazina ya Taifa ya Bima ya Hospitali, yaani NHIF. Hapo mwanzo ilikuwa ya wale wenye mshahara wa Sh. 1,000/- kwa mwezi au zaidi, na kila mmoja alikatwa Sh. 20/-. Vibarua na watu wa mshahara mdogo hawakuwamo. Baadaye mlango ulifunguliwa, na viwango vikapanda mara kwa mara. Tangu mwaka 2015 mtu wa chini kabisa alikatwa Sh. 150/- na mtu wa Sh. 100,000/- au zaidi alikatwa Sh. 1,700/-, wala hakuzidisha hata angepata milioni.

Mwaka 2023 ilitungwa Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii. Mwezi wa Julai 2024 Mahakama Kuu ilisema sheria hiyo inakwenda kinyume cha Katiba. Mwezi wa Septemba Mahakama ya Rufani ikasimamisha hukumu hiyo. Na tarehe 1 Oktoba 2024 NHIF ikaondoka, ikaingia SHA. Tangu siku hiyo makato ni asilimia 2.75 ya mshahara wote kabla ya kukatwa kitu kingine, yasipungue Sh. 300/-, na hayana kikomo juu.

Hebu tufanye hesabu. Mwenye Sh. 15,000/- alikuwa akikatwa Sh. 600/-, sasa hukatwa Sh. 412/50. Mwenye Sh. 20,000/- alikuwa akikatwa Sh. 750/-, sasa hukatwa Sh. 550/-. Mwenye Sh. 30,000/- alitoka Sh. 900/- akaja Sh. 825/-. Mwenye Sh. 40,000/- alitoka Sh. 1,000/- akapanda Sh. 1,100/-. Mwenye Sh. 100,000/- alitoka Sh. 1,700/- akapanda Sh. 2,750/-.

Maana yake ni kwamba watu wengi wa mashine na wa kufagia hukatwa kidogo kuliko zamani, na makarani wakubwa na mameneja hukatwa zaidi. Sisi hatuoni ubaya mwenye kingi akitoa kingi. Kwa hiyo chama kisidanganywe kupigana vita ya mameneja. Vita yetu sisi ni mbili: fedha ikikatwa ifike, na tajiri naye atoe.

TAJIRI YU WAPI?

Fungua slipi yako ya mshahara. Kwa NSSF, wewe hutoa asilimia 6, na tajiri hutoa 6. Kwa ada ya nyumba, iliyowekwa na sheria ya mwaka 2024, wewe hutoa asilimia moja na nusu, na tajiri hutoa moja na nusu. Sasa tazama mstari wa afya. Wewe hutoa 2.75. Tajiri hutoa nini? Sifuri. Kazi yake ni kukata na kupeleka, kama tarishi.

Matajiri watasema kwamba ndivyo ulimwengu ulivyo. Sivyo. Vukeni mpaka tu. Huko Tanzania, katika Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulioanzishwa na sheria ya mwaka 1999, mtumishi wa Serikali hutoa asilimia 3 ya mshahara na mwajiri wake hutoa 3. Huko Rwanda, katika bima ya watumishi, mtumishi hutoa 7.5 na mwajiri hutoa 7.5. Hata hapa kwetu wenyewe, tajiri anayeweza kulipa nusu ya uzee wetu na nusu ya nyumba hawezi kutuambia kwamba afya inayomzungushia mashine yake haimhusu. Mtu akiugua, tajiri hupoteza siku ya kazi. Mtu akipona, anayefaidika kwanza ni nani?

Ndiyo maana bima ya kampuni si zawadi ya Krismasi. Ni lile fungu la tajiri ambalo sheria imemsamehe, na ambalo chama lazima kilidai mezani.

KARATASI HAISEMI MENGI

Wako watakaosema: "Serikali imeleta SHA, kwa nini tena bima nyingine?" Tujibu kwa vitu, si kwa hasira.

SHA ina mifuko mitatu. Mfuko wa kwanza hulipia matibabu ya kutwa katika zahanati na vituo vya afya, na huo hutoka kwa Serikali. Kila aliyejiandikisha hutibiwa. Mfuko wa pili ndio huu tunaoukatia 2.75, wa kulazwa, kuzaa, upasuaji na kadhalika. Mfuko wa tatu ni wa dharura na magonjwa mazito, pale mfuko wa pili unapokwisha. Kwa viwango vya mwaka 2025, kitanda cha hospitali ya ngazi ya nne, kama Ruiru, hulipiwa Sh. 3,360/- kwa siku, na cha ngazi ya tano, kama Thika, Sh. 3,920/-. Kuzaa kwa kawaida ni Sh. 10,000/-, kwa kupasuliwa Sh. 30,000/-. Saratani ilikuwa Sh. 400,000/- kwa jamaa nzima kwa mwaka, kisha Sh. 150,000/- za mfuko wa tatu.

Hayo si haba, na mwenzetu ye yote asiyejiandikisha, yeye na mkewe au mumewe na watoto, anatupa haki yake. Piga *147# leo, si kesho. Lakini kila aliyeuguza mtu wa saratani, na kila aliyelazwa hospitali ya watu binafsi yenye gharama zaidi ya kiwango hicho, anajua kwamba hesabu hubaki. Na hesabu inayobaki ndiyo iuzayo shamba la mzee na ng'ombe wa mama. Pengo hilo ndilo kazi ya bima ya kampuni.

Basi karatasi ikija, msitazame tarakimu kubwa ya juu peke yake. Wenye bima hupenda kuandika kikomo kikubwa cha kulazwa kwa herufi nene, na yale ya kukubana huyaweka nyuma kwa herufi za sisimizi. Ulizeni haya:

1. Kikomo ni cha nani? Cha kila mtu, au cha jamaa nzima kugawana? Laki tatu za mtu mmoja si sawa na laki tatu za watu sita.

2. Ndani ya kikomo kikubwa mna vikomo vidogo vipi? Uzazi kiasi gani? Meno na macho kiasi gani? Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati wake?

3. Ugonjwa wa tangu zamani, kama sukari, presha, pumu na kifafa, umo au haumo? Kama umo, ni baada ya kungoja miezi mingapi?

4. Hospitali gani zimo katika orodha? Bima ya hospitali zilizo mjini Nairobi peke yake haimfai mama wa Kimbo mwenye mtoto wa homa saa nane za usiku.

5. Mgonjwa hulipa kiasi gani mlangoni kila anapokwenda? Mia tano za mlangoni, mara nne kwa mwezi, ni elfu mbili.

6. Mtu akiachishwa kazi, bima inakoma siku ile ile au mwisho wa mwezi? Na mgonjwa aliye kitandani siku hiyo?

Kama ofisi haiwezi kujibu maswali hayo sita kwa maandishi, basi ofisi nayo haijui inachowauzia. Msitie sahihi.

FEDHA BADALA YA BIMA

Hapa twataka kusema na vijana wetu, kwa heshima, maana wao ndio wanaovutwa zaidi. Kijana wa miaka ishirini na mitatu, hana mke, hana mtoto, ana nguvu kama ndume. Anaambiwa: chukua Sh. 1,500/- kila mwezi, acha bima. Anafurahi. Nasi hatumlaumu kupenda fedha. Mshahara wenyewe ni mdogo.

Lakini aangalie vizuri. Kwanza, fedha hiyo ikiingia katika mshahara, inakatwa. SHA 2.75, nyumba 1.5, NSSF 6, zile Sh. 1,500/- zinafika mfukoni Sh. 1,346/-. Kweli, ya NSSF ni akiba yake ya uzeeni. Lakini kama mshahara wake umefikia kiwango cha kodi, kodi nayo inakata, na kodi hairudi. Bima ambayo tajiri anamlipia mfanya kazi wake haikatwi kodi hiyo. Kwa hiyo shilingi ya bima ni nzima, na shilingi ya taslimu imetafunwa pembeni.

Pili, na hili ndilo kubwa, bima ni kapu. Tuseme kiwanda kina watu 200, na tajiri anatia Sh. 1,500/- kwa kila mtu kila mwezi. Kapu lina Sh. 300,000/- kwa mwezi, yaani Sh. 3,600,000/- kwa mwaka. Sasa vijana 120 wenye afya wanatoka na kuchukua fedha. Wamebaki watu 80, na kapu lina Sh. 1,440,000/-. Je, wagonjwa wamepungua? Hawakupungua. Wenye sukari ni wale wale, wajawazito ni wale wale, mzee wa stoo mwenye mgongo ni yule yule. Mwaka ukiisha, kampuni ya bima inatazama hesabu na kusema: hawa ni wagonjwa watupu, bei ipande. Tajiri anasema: bima imekuwa ghali mno, na tena wengi hawaitaki. Mwaka wa tatu bima haipo.

Kisha je, kijana? Kijana ameoa, ana mtoto wa miezi sita, na sasa ndiye anayetafuta bima. Mlango aliupita mwenyewe akitoka, na aliufunga nyuma yake. Wazee walisema, kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Ukiondoa vinga vikavu jikoni ukaacha vibichi, usishangae chakula kikilala kibichi.

Ndiyo maana sisi twasema karatasi hiyo, hata kama aliyeiandika hakukusudia, inafanya kazi ya kutugawa: kijana na mzee, mwenye watoto na asiye nao, mzima na mgonjwa. Kila mmoja anajibu peke yake, na majibu yote yakikusanywa, tajiri ndiye aliyepata faida.

VIBARUA NAO?

Wako ndugu zetu wanaofika langoni alfajiri na kungoja kuhesabiwa. Karatasi ya bima haiwafikii kabisa. Wengine huambiwa: "Wewe jilipie mwenyewe SHA kama mtu wa biashara." Na mtu asiye na mshahara wa mwezi hutakiwa alipe mchango wa mwaka mzima kwanza, au akope ili aulipe kidogo kidogo. Mtu anayepata kazi siku tatu kwa juma atautoa wapi?

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 37, yasema wazi: kibarua akifanya kazi mfululizo jumla ya mwezi mmoja au zaidi, au akipewa kazi ambayo kwa kawaida haiwezi kwisha chini ya miezi mitatu, huyo si kibarua tena, ana haki ya kuhesabiwa kama mtu wa mshahara wa mwezi. Kuna watu hapa Kimbo wanaoitwa vibarua mwaka wa nne sasa. Kuwaita vibarua ni kuwanyima likizo, ugonjwa na bima kwa neno moja tu. Mwanachama wa kudumu asiyewatetea hao ajue kwamba kesho nafasi yake itajazwa na mmoja wao, kwa kuwa ni rahisi.

SHERIA INASEMA NINI

Tunayo silaha, tena ni nyingi, ila zimewekwa darini.

Kifungu cha 34 cha sheria hiyo ya Ajira kinamtaka mwajiri ahakikishe dawa za kutosha kwa mfanya kazi anapougua, na kama yawezekana, mganga katika ugonjwa mzito. Twajua kifungu kinamwachia nafasi ya kutoka pale matibabu yanapotolewa bure na Serikali au na bima iliyowekwa na sheria, na matajiri watakimbilia nafasi hiyo. Ndiyo sababu jambo hili lisiachiwe kifungu hicho peke yake, bali liandikwe katika Mkataba wa Pamoja.

Kifungu cha 30 kinampa aliyetumika miezi miwili mfululizo siku zisizopungua 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili, na 7 nyingine kwa nusu mshahara, katika kila miezi 12. Siku hizo si hisani ya msimamizi.

Kifungu cha 19 chasema tajiri akikata fedha ya mchango lazima aipeleke. Asipoipeleka ni kosa la jinai, faini hadi Sh. 100,000/- au kifungo hadi miaka miwili, au vyote viwili. Fedha ya SHA yatakiwa ifike kabla ya kupita tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Isipofika, mgonjwa hurudishwa mlangoni kana kwamba hajawahi kulipa, na huku slipi yake inaonyesha amekatwa. Huo ni wizi wa dawa kutoka kinywani mwa mgonjwa.

Aliyeumia kazini si mgonjwa wa SHA wala wa karatasi ya bima. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 inamtwika mwajiri gharama hizo, naye lazima awe na bima yake, wala asimkate mfanya kazi senti kwa ajili hiyo. Ukikatwa kidole na mashine, usikubali kuandikiwa kwamba uliumia nyumbani.

Mwisho, Mkataba wa Pamoja ukisajiliwa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, unaingia katika mkataba wa kila mfanya kazi na kumfunga tajiri. Kama bima imo ndani yake, karatasi ya Ijumaa haiwezi kuiondoa. Na hata pale isipokuwamo, kifungu cha 10 cha sheria ya Ajira kinataka mfanya kazi ashauriwe kwanza na kuarifiwa kwa maandishi kabla ya masharti yake kubadilishwa.

TUNATAKA HAYA

1. Bima ya matibabu iandikwe katika Mkataba wa Pamoja, pamoja na vikomo vyake na orodha ya hospitali, na zihesabiwe ndani yake hospitali zilizo kati ya Githurai na Thika.

2. Mchango wa tajiri usipungue ule wetu: kila 2.75 tunayokatwa sisi, naye aweke 2.75 katika bima ya kujaza pengo.

3. Bima iwe ya watu wote wa kiwanda. Fedha badala ya bima iondolewe katika karatasi.

4. Waliotimiza masharti ya kifungu cha 37 waingizwe mara moja.

5. Karatasi yo yote ya bima ipitie kwanza kwa wajumbe wa chama, ielezwe kwa Kiswahili katika mkutano wakati wa kazi, na watu wapewe siku zisizopungua 14.

6. Kila mwezi ofisi ibandike ukutani hati ya kuonyesha kwamba fedha ya SHA imepelekwa.

Tajiri atasema hana fedha. Basi alete vitabu mezani, tuvisome pamoja. Yule anayesema hana huku akificha vitabu, kwa nini tumwamini?

KAZI YA JUMA HILI

Kila mwanachama akague kwa simu yake kama michango yake imefika, mwezi kwa mwezi, na kulinganisha na slipi zake. Penye pengo, alete slipi kwa mjumbe wake. Kila aliyepewa karatasi ya bima asitie sahihi mpaka tumekutana. Asitie kwa hasira, asichane, asitukane mtu, aseme tu: "Naingoja kauli ya chama." Hakuna sheria inayomfukuza mtu kwa maneno hayo. Na wale waliokwisha kutia sahihi wasione haya kuja. Waje na nakala, tuitazame pamoja.

Tajiri mmoja anaweza kushindana na mtu mmoja mwenye mtoto mgonjwa, na kila mara atamshinda. Watu mia mbili waliokataa kalamu siku moja ni jambo jingine.

UMOJA NI NGUVU.